Tunaitwa wavivu kwa hesabu mbovu ya saa za kazi, na bonasi imeenda!

Wadau, nina hasira, kwa hivyo msinitafutie adabu leo.

Mimi ni fundi wa pampu za sola. Kampuni iko hapa Kisumu, jina siliweki kwa sababu ugali wangu bado unatoka huko. Tangu watuwekee programu ya saa kwenye simu, kila Jumatatu tunakalishwa, jedwali linamulikwa ukutani, majina yote na asilimia kando. Aliye chini ya 75 anapakwa nyekundu. Juzi karibu mafundi wote tulikuwa wekundu. Bonasi ikafutwa, na meneja akauliza kama tunalipwa kwa kulala.

Hesabu yenyewe ni rahisi: saa ulizoandika, gawanya kwa saa ulizopangiwa, zidisha kwa 100. Umepangiwa 45 kwa wiki, umeandika 36, uko asilimia 80. Hilo sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni kile wanachokiweka juu na kile wanachokiweka chini.

Juu: saa inaanza kusoma ukibonyeza "Anza" ukiwa kwa mteja, inakatika ukibonyeza "Maliza". Barabara haimo. Haya, nipangie kazi Mbita. Natoka mjini alfajiri, napita Kisian, Ndori, hadi Luanda K'Otieno. Hapo nangoja feri, mfuko wa spana mapajani, kontrola ya pampu nimeikumbatia isije ikamwagiwa maji ya samaki. Navuka, natafuta boda, nafika shambani. Kufunga kontrola, kukaza waya, kungoja maji yatoke, saa mbili zimeisha. Kisha nirudi njia ileile. Nafika nyumbani giza limeingia na jedwali linasema nimefanya kazi saa 2 kati ya 9. Asilimia 22! Mwenzangu aliyepangiwa Kondele na Mamboleo, hapahapa Kisumu, siku hiyo yuko 90 na kitu, na hata yeye anaona aibu.

Na stoo je? Ukikaa kwenye benchi asubuhi nzima ukingoja spea ambayo haijaagizwa, hiyo pia ni uvivu wako. Programu ina sehemu ya kuandika sababu. Tumeandika tukachoka: mteja hayupo, spea hakuna, mvua imekata barabara ya Nyando. Hakuna anayezisoma.

Sasa njoo chini. Saa zilizopangwa ni 45 kila wiki, liwe jua iwe mvua. Wiki yenye sikukuu, tuseme Madaraka ikiangukia siku ya kazi, zinabaki 36 za kufanya. Ukiziandika zote bila kukosa hata dakika, bado unaambiwa 80. Sheria ya Ajira ya 2007 inatupa siku 21 za likizo kwa mwaka, lakini ukizichukua programu inakuhesabu mtoro. Kuna fundi mwenzetu, dada mmoja, yuko likizo ya uzazi, ile ya miezi mitatu ambayo iko kwenye sheria hiyohiyo. Kila Jumatatu jina lake liko pale ukutani: sifuri, nyekundu. Mtoto ananyonya Nyalenda, mama anaanikwa mbele ya watu!

Asilimia ya timu ndiyo kichekesho kabisa. Wanajumlisha asilimia za watu halafu wanagawanya kwa idadi ya vichwa. Kijana wa chuo aliye kwenye mafunzo amepangiwa saa 10, ameandika 10, huyo ni 100. Fundi wa kudumu amepangiwa 45, ameandika 18, huyo ni 40. Wao wanasema wastani ni 70. Jumlisha saa zenyewe: 28 kati ya 55, yaani kama 51. Hapo kosa linatupendelea, na bado silitaki, kwa sababu mtu asiyejua kugawanya ndiye anayeshika bonasi yangu.

Matokeo mnayajua. Watu wameanza kubonyeza "Anza" wakiwa ndani ya matatu. Mmoja alifika 112 akapigiwa makofi. Hakuna aliyeuliza zile 12 za juu zimetoka wapi. Ama ratiba yake ilikuwa ya uongo, ama alifanya ovataimu ambayo hakulipwa.

Alhamisi tumeitwa tena, na safari hii nataka kuingia na karatasi mkononi. Ninyi wa Nakuru, Kakamega, Bungoma, wenye kazi za kuzunguka kama hii: kwenu safari inaandikwa wapi? Likizo na sikukuu zinatolewa kwenye saa za ratiba kabla ya kugawanya? Nipeni mfano wa jedwali lenu, majina myafute. Na kama wewe ni afisa wa wafanyakazi na umekuja kuniambia nitafute kazi kwingine, pita tu ndugu yangu.