Naomba ushauri: kitufe cha kuunda masanduku kwenye mchezo
Ndugu zangu, habari za kazi. Ninajifunza kutengeneza michezo ya kompyuta kwa Unity (programu ya kuundia michezo), na nimeweka kitufe kwenye skrini ambacho mchezaji akikibonyeza, sanduku jipya linatakiwa kutokea juu na kuanguka chini. Mwanzoni niliiweka amri ya Instantiate, inayounda nakala mpya ya kitu, ndani ya sehemu ya msimbo iitwayo Update, na mguso mmoja ukazaa masanduku mengi, kwa kuwa Update huitwa katika kila fremu, yaani kila picha ya mchezo inapochorwa upya kwenye skrini. Hilo nimelirekebisha kwa kutumia tukio la OnClick la kitufe chenyewe, ambalo hutokea mara moja tu kwa kila mbonyezo.

Kinachonisumbua sasa ni kwamba nikibonyeza haraka haraka, sanduku la pili hutokea ndani ya la kwanza kabla halijaondoka mahali pake, na yote mawili husukumana kwa nguvu hadi moja likatoka kabisa nje ya skrini. Je, nipime kwanza kama nafasi iko wazi kwa Physics2D.OverlapBox (amri inayoangalia kama kuna kitu ndani ya eneo la mstatili), au nikizime kitufe kwa nusu sekunde? Naegemea njia ya kwanza, maana kitufe kisichoitikia humkera mchezaji. Lakini nafasi ikiwa imejaa, sanduku lisubiri au litokee juu zaidi? Aliyewahi kulitatua hili naomba anielekeze, hata kwa mistari michache ya msimbo.