Maboksi tisa ya machapisho ya serikali: yaingizwe vipi kwenye Koha na nakala za ziada zigawiwe vipi?

mkutubi_bahi
Wakuu, habari za kazi. Maktaba imepokea maboksi tisa kutoka ofisi zilizohamia Mtumba, mji wa serikali hapa Dodoma. Ndani kuna Magazeti ya Serikali yasiyojalidiwa, hotuba za bajeti za wizara, Hansadi (kumbukumbu za mijadala ya Bunge), ripoti za CAG (Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali), sheria ndogo za halmashauri na makabrasha ya zamani ya CDA, iliyokuwa mamlaka ya kuendeleza mji wa Dodoma. Tunatumia Koha (programu ya katalogi ya maktaba) na Dewey (namba za kupanga vitabu kwa mada). Kinachosumbua ni majina: wizara ileile ina majina matatu au manne kwa miaka tofauti. Je, yote yawekwe chini ya jina la sasa? Pia kuna nakala nne nne za baadhi ya vitabu, na tunataka kuzipeleka kwenye matawi matatu.

Katalogi_Makole
Mtoa mada, usithubutu kuweka yote chini ya jina la sasa. Kanuni ni kutumia jina lililokuwepo chapisho lilipotoka, kisha kuyaunganisha majina. Wizara ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi iligawanywa Oktoba 2017. Hotuba ya 2016/2017 inabaki kwenye jina lile refu, na ya 2018/2019 inaingia Wizara ya Kilimo. Kwenye rekodi ya jina (ile ya taasisi, si ya kitabu), weka uga wa 510, yaani sehemu ya «tazama pia», kwa jina la kabla na la baada, kila upande uelekeze mwenzake. Ukisahau upande mmoja, msomaji aliyeanzia jina jipya hatafika kwenye la zamani.

TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa) ndiyo yenye vurugu kuliko zote, maana imekuwa Ofisi ya Waziri Mkuu na Ofisi ya Rais kwa zamu. Usikisie kwa kumbukumbu, soma jalada la ndani la kila kitabu.

Wizara huingia chini ya nchi: uga wa 110 (wa taasisi iliyotoa chapisho), kiashirio cha kwanza, yaani tarakimu inayofuata namba ya uga, kiwe 1, «Tanzania.» halafu «Wizara ya Kilimo.» CDA ni tofauti. Huandikwa moja kwa moja kama Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, kiashirio 2. Ilianzishwa 1973 na kuvunjwa Mei 2017, kazi zake zikaenda Manispaa ya Dodoma, ambayo nayo ikawa Jiji Aprili 2018. Ramani ya viwanja ya 1985 haiwezi kuwa ya Jiji. Mtu wa ardhi anayefuatilia kiwanja cha zamani anaitafuta CDA, basi aikute.

Kosa lingine dogo linaloharibu utafutaji ni uga wa 008, nafasi ya 28, inayoonyesha chapisho ni la serikali ya ngazi gani. Wengi wanaiacha wazi. Weka f kwa serikali kuu na l kwa halmashauri. Ya Serikali ya Mapinduzi Zanzibar mimi naiwekea a, yaani sehemu yenye mamlaka yake ya ndani. Ukiijaza, unaweza kuchuja machapisho ya serikali yote kwa hatua moja.

jalada_la_ijumaa
Niongezee kwenye Gazeti la Serikali, maana hapo ndipo watu huharibu. Hutoka kila Ijumaa, na lina nyongeza: miswada, sheria zilizopitishwa, na sheria ndogo zenye Matangazo ya Serikali. Kila nyongeza ina kurasa zake. Ukizijalidi pamoja kwa tarehe, anayetafuta tangazo atapekua mwaka mzima. Tenganisha: gazeti lenyewe jalada moja, kila nyongeza jalada lake, kwa mwaka. Nakili pia ISSN (namba ya utambulisho ya machapisho ya mfululizo) iliyochapwa juu ya kila aina, usidhani ni moja kwa zote.

Namba za Matangazo ya Serikali huanza upya kila mwaka. Kwa hiyo «T.S. 57» (Tangazo la Serikali namba 57) peke yake haina maana, andika na mwaka kwenye mgongo wa jalada. Kwenye Koha tumia moduli ya mfululizo yenye ratiba ya kila wiki, siku ya Ijumaa. Isipofika, itajionyesha kuwa imechelewa, nawe utadai mapema kabla nakala hazijaisha.

Sheria zilizorekebishwa: Toleo la 2023 limeanza kutumika 1 Julai 2025, lakini msitupe lile la 2002 wala la 2019. Kesi ya zamani husomwa kwa sheria ya wakati ule.

Nzuguni_namba
Hapa sikubaliani kidogo na utaratibu wa Dewey kwa kila kitu. Sheria zitakwenda 348.678, Hansadi 328.67802, takwimu za jumla 316.78. Sawa. Lakini kijitabu cha halmashauri cha kurasa kumi na mbili kikiingizwa katikati ya rafu ya 352 hakionekani tena. Vijitabu vyembamba viweke kwenye boksi faili, moja kwa kila halmashauri: Bahi, Chamwino, Chemba, Kongwa, Mpwapwa, Kondoa mbili, na Jiji. Namba ya rafu iwe herufi MS (Machapisho ya Serikali), kifupi cha halmashauri, mwaka. Toa pini za chuma kwanza. Na rafu ya chini isiguse sakafu, mchwa wa huku hawasubiri.

mkutubi_bahi
Asanteni. Hotuba za bajeti je, kila moja rekodi yake?

Katalogi_Makole
Hapana, mfululizo mmoja kwa kila wizara. Jina la wizara likibadilika, funga rekodi na ufungue mpya, uga wa 785 (jina linalofuata) kwenye ya zamani na 780 (jina lililotangulia) kwenye mpya. Na usimfanye waziri kuwa mwandishi mkuu, mawaziri hubadilishwa hata katikati ya mwaka wa fedha na mfululizo wako utakatika vipande.

jalada_la_ijumaa
Kwenye ugawaji: rekodi ni moja, nakala ndizo zinazotofautiana. Ongeza nakala kwenye rekodi ileile, na kwenye uga wa 952 (taarifa za nakala) sehemu a iwe maktaba inayomiliki, b iwe ilipo sasa. Wanaofungua rekodi mpya kwa kila tawi ndio wanaoishia na kitabu kimoja mara nne kwenye matokeo. Hati ya makabidhiano ifanye nakala mbili, yenye namba ya msimbo pau ya kila kitabu, na tawi lirudishe moja ikiwa imesainiwa.

Kabla hamjagawa, hakikisheni nakala moja ya kila chapisho imebaki kwenu, hasa sheria ndogo. Hizo huchapwa chache. Zile zilizo mtandaoni, pakueni PDF na muiweke kwenye seva yenu, halafu uga wa 856 (wa kiungo) uelekee huko. Tovuti za wizara hubadilika wizara inapogawanywa, na viungo hufa siku hiyohiyo.