Naomba ushauri: niache tasnifu ya pragmatiki ya Kijerumani nihamie sarufi?

BintiMikindani: Wanajukwaa, wakubwa shikamooni. Ninasoma shahada ya kwanza ya Kijerumani, na kwa sasa nipo nyumbani Mikindani kwa likizo huku nikiandika tasnifu ya pragmatiki, yaani tawi la isimu linalochunguza maana anayoikusudia msemaji kulingana na mahali, wakati na mtu anayezungumza naye. Ninalinganisha namna Wajerumani na Waswahili wanavyoomba jambo. Rasimu inatakiwa baada ya wiki 2, nami usingizi umenipaa. Je, nihamie mada ya sarufi?

MzeeWaKorosho: Marahaba, mwanangu. Ujanani nilifanya kibarua kwa wamisionari wa Ndanda, na padri mmoja Mjerumani alizoea kuniita "Komm mal her", nami nikidhani ananikaripia, kumbe ni kama asemaye "hebu njoo mara moja". Usiiache lugha hiyo, ila fikiria na ajira.

Mwalimu_Nachingwea: Dada, sarufi si kichaka cha kujifichia. Mwanafalsafa wa lugha J. L. Austin, katika mihadhara yake ya mwaka 1955 pale Harvard, alionyesha kwamba kusema ni kutenda: anayetamka "naahidi" haielezi ahadi, anaitoa. Kijerumani kina utajiri mkubwa hapo. Chukua "Ich habe es dir doch gesagt", ukifasiri "nilikuambia" umeipoteza "doch", lakini ukisema "Si nilikuambia!" umeipata, kwa kuwa "si" hiyo haikanushi chochote, inamkumbusha mtu jambo analopaswa kulijua. Una data kiasi gani, na umeipata kwa nani?

BintiMikindani: Data ninayo ya kutosha, Mwalimu. Nilitumia dodoso la kukamilisha mazungumzo, yaani mtu anapewa hali fulani naye anaandika angesema nini.

Mwalimu_Nachingwea: Nimeuliza idadi na watu, nawe umejibu "ya kutosha". Umemsoma Grice, mwanafalsafa wa mazungumzo, kwa hiyo unajua kwamba mtu akipewa habari pungufu kuliko aliyoiomba hujiuliza sababu yake. Nauliza tena.

BintiMikindani: Nilihitaji Wajerumani 20, wakajibu 11. Madodoso 9 niliyajaza mwenyewe. Naomba mnielewe: nimekisoma Kijerumani miaka 3, ninajua wangesema nini, na "du" (wewe ya kawaida) na "Sie" (wewe ya heshima) nilizipanga kwa umri na cheo. Sura ya nne nimeshaiandika kwa hesabu ya watu 20, na nikiibomoa sitamaliza.

Ummy_Lindi: Mdogo wangu, huo ni uongo. Leo unajaza dodoso, kesho ukiwa mwalimu utajaza alama za mwanafunzi ambaye hukumsahihisha.

Msafiri_Kusini: Mimi naona tunatungiwa hadithi. Nani aliyebuni data akaja kuitangaza hadharani? Kama ni kweli, aweke hapa jibu moja la Mjerumani na moja alilojaza yeye.

BintiMikindani: Sijatunga. Hali ni kumwomba mwanafunzi mwenzako madondoo ya kipindi. Mjerumani mmoja aliandika: "Kannst du mir mal kurz deine Notizen geben?" (Unaweza kunipa mara moja madondoo yako?) Mimi nilijaza: "Könntest du mir bitte deine Notizen geben?" (Ungeweza tafadhali kunipa madondoo yako?)

Mwalimu_Nachingwea: Mimi ninamwamini. Sentensi yake haina kosa la sarufi, na hilo ndilo linalonisumbua. Dada, katika yale 9, ni mangapi yenye "mal", neno dogo linalolainisha ombi kama "hebu" yetu?

BintiMikindani: Nimeyapitia yote sasa hivi. Hakuna hata moja, ilhali katika yale 11 imejaa tele. Yangu yote yana "bitte", kana kwamba nilikuwa nikifasiri "tafadhali", neno ambalo hata nyumbani silisemi. Mdogo wangu ninamwambia "hebu niletee ndoo".

Mwalimu_Nachingwea: Basi yaondoe na uihesabu upya sura ya nne kwa watu 11. Mchanganuo wa kina wa majibu machache ya kweli una thamani. Hayo 9 yanaonyesha namna mwanafunzi Mswahili anavyoomba kwa Kijerumani. Msimamizi akikubali, yataje waziwazi kuwa ni yako. Ila mwambie leo, kabla ya rasimu.

BintiMikindani: Nimefungua barua pepe, nimekwama mwanzoni. Msimamizi ni Mjerumani. Nianze na salamu na habari za familia kama ilivyo desturi yetu?

Mwalimu_Nachingwea: Salamu mstari mmoja, kwa "Sie". Sentensi inayofuata iwe na ile namba 9.