Ramani ya mialo ya Ilemela kwa kidato cha tatu: itawezekana kwa vifaa vichache?

Swali (Mwalimu wa Jiografia, Ilemela, Mwanza)
Walimu wenzangu, nawasalimu. Nakusudia kuwapa wanafunzi wangu mradi wa kutengeneza ramani ya kidijitali inayoonyesha mialo (sehemu za kushushia samaki), maeneo yenye magugu maji na mahali ambapo mifereji humwaga taka katika Ziwa Victoria, kuanzia Kirumba hadi Igombe. Kompyuta zetu ni chache, intaneti hukatika, na wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu. Je, mradi huu utawezekana?

Jibu (Mwalimu, Nyamagana)
Utawezekana, mwalimu, endapo utatenga kazi ya uwandani na kazi ya kompyuta. Uwandani, simu yako peke yake inatosha kusoma latitudo na longitudo, huku kila kundi likiandika katika daftari jina la mahali, namba hizo mbili na maelezo mafupi. Mkirudi shuleni, jedwali moja la CSV (faili la maandishi ambalo safu zake hutenganishwa kwa mkato) lenye safu za lat na lon hupakiwa uMap, tovuti ya kutengenezea ramani inayotumia ramani huria ya OpenStreetMap na isiyodai ufungue akaunti. Tunza tu kiungo cha siri cha kuhariri, kwa sababu kikipotea hamtaweza kurekebisha ramani yenu.

Jibu (Mwalimu mstaafu, Magu)
Kagueni alama ya kutoa. Mwanza iko kusini mwa Ikweta, kwenye latitudo ya takriban -2.5 na longitudo ya 32.9; alama hiyo ikisahauliwa, mwalo wa Kirumba utahamia kaskazini mwa Uganda, upande wa Lira, na safu zikipishana utaonekana Moroko. Mimi nisingeharakisha kuwasahihisha, kwa maana hapo ndipo latitudo hueleweka kuliko ubaoni.

Muuliza swali
Ahsante sana, mzee wangu. Je, nikiona magugu yamesongamana kwenye midomo ya mifereji, niwaruhusu waandike kwamba taka ndizo chanzo?

Jibu (Mwalimu mstaafu, Magu)
Hapana, si kwa ziara moja. Ni kweli kwamba maji yenye rutuba nyingi hustawisha gugu hilo, lakini linaelea na upepo hulisukuma, hivyo lililoonekana asubuhi Kirumba laweza kuwa kwingine kesho yake. Ongeza safu ya tarehe na ya mwelekeo wa upepo, mrudie sehemu zilezile majira mengine, kisha kila ziara iwe na tabaka lake katika ramani. Alama nyingi ziende kwa kundi litakaloeleza kile ambacho ramani yake haiwezi kuthibitisha; rangi na mapambo visikushughulishe.