Kila nikienda zahanati nina taifodi na UTI: hivi vipimo vyote ni vya lazima?

Kijana wa Sae (mleta mada)
Wadau, habari za jioni. Juzi nilishikwa na kichwa, viungo vinauma, homa kwa mbali. Nikaingia zahanati moja ya mtu binafsi hapa Mbeya mjini. Sijamaliza kujieleza, tabibu ameshaandika: malaria, Widali ya taifodi, mkojo, choo, picha kamili ya damu. Hakunigusa hata paji la uso. Nimetoboka elfu thelathini na kitu. Majibu: malaria hakuna, taifodi ipo, UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) ipo. Wife alienda hapohapo kwa ajili ya goti, akarudi na taifodi na UTI. Fundi wangu wa pikipiki naye hivyohivyo. Nauliza kwa nia njema, hivi vipimo vyote ni vya lazima, au kule maabara wana kapu la majibu wanachota tu?

Darubini
Kapu la majibu ndiyo nini? Mimi ni mtu wa maabara. Naamka saa kumi na moja na baridi hii kupokea makohozi ya watu, wewe umejifunika blanketi mbili. Sisi hatuandiki vipimo, tunaletewa karatasi. Kamuulize aliyeandika.

Kijana wa Sae
Ndugu, sijakutaja wewe.

Darubini
Umetaja maabara. Mimi ni maabara.

Ndaga Fijo
Jiwe gizani hilo, ukisikia "yalaa" ujue limempata mtu 😂

Mjukuu wa Kalenga
Tumpe mleta mada haki yake kwenye Widali. Kipimo hicho ni cha mwaka 1896, cha Mfaransa aitwaye Widal. Hakitafuti bakteria wenyewe, kinatafuta kinga ambayo mwili umeitengeneza dhidi yao. Kinga hiyo inabaki hata kama ulishapona zamani, na kuna magonjwa mengine yanaweza kuifanya isome chanya bila taifodi yoyote. Nenda stendi ya Nane Nane, pima abiria wazima wanaosubiri basi la Dar, wapo watakaosoma taifodi na wamekaa wanakula mahindi ya kuchoma. Kipimo cha maana ni kuotesha damu maabara kuona kama bakteria wataota, na hicho kinataka siku kadhaa. Zahanati gani ya mtaani itakusubirisha siku kadhaa?

Darubini
Ahsante kwa darasa, sasa nikupe la jikoni. Widali ya haraka ni tone la majimaji ya damu na tone la kitendanishi juu ya kigae cheupe. Unachanganya, unatikisa kwa dakika moja, unaangalia kwa macho kama pamefanya punjepunje. Ukiitwa dirishani ukakiacha kikaanza kukauka, punjepunje zitatokea hata kama mgonjwa hana kitu. Halafu kiwango cha kinga kikisoma 1:80, kwa huyu ni taifodi, kwa yule si kitu. Yote hayo nayajua. Lakini ni tofauti na kusema tunachota kwenye kapu.

Mama Tumaini
Wanaume mna maneno. Mwanangu wa pili alipokuwa mdogo kila homa aliitwa malaria, anapewa dawa bila hata tone la damu. Mpaka siku anapumua mbavu zinaingia ndani ndipo mtu akaweka kifaa kifuani, kumbe nimonia. WHO walisema tangu 2010, pima kwanza ndipo utibu malaria. Leo tumepata vipimo mnalalamika vimezidi. Mnataka turudi kule?

Mtu wa Forest
Dada, nimonia pole. Ila malaria Mbeya? Kwa baridi hii mbu anaishi wapi? Kumpima mtu wa Mbeya malaria ni kumuibia mchana kweupe. Takwimu zipo, nyanda za juu malaria ni chini ya asilimia 1.

Kyela Moja
Wewe wa Forest, Kyela iko mkoa gani?

Mtu wa Forest
Nimesema Mbeya, sijasema Kyela.

Kyela Moja
Kwa hiyo sisi ni Malawi? Mchele ukiwa mtamu ni wa Mbeya, kakao ikipanda bei ni ya Mbeya, malaria ikiingia ni ya Kyela. Njoo ulale Ipinda usiku mmoja bila chandarua halafu uje utuambie habari za wizi.

Mjukuu wa Kalenga
Hiyo chini ya asilimia 1 ni ya kwetu Iringa, na Njombe. Mkoa wa Mbeya huwezi kuusema kwa mkupuo: mjini mko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Kyela kando ya Ziwa Nyasa ni kama 500. Swali la tabibu lilipaswa kuwa "umesafiri wapi wiki hizi?" Hilo halina bei kwenye orodha, ndiyo maana haliulizwi. Na jingine: kile kipimo cha haraka cha kidole kinasoma protini ya vimelea, nayo hukaa kwenye damu wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Ukipimwa tena mapema utaambiwa malaria imegoma kumbe ni mabaki.

Ndaga Fijo
Tukiwa hapohapo kwenye mchele: huo "Kyela" unaouzwa soko la Mwanjelwa nusu yake ni wa Mbarali. Watani zangu mnauza jina tu.

Kyela Moja
Rudia.

Ndaga Fijo
Mbarali. Usangu huko, maji ya mfereji. Unamwagwa kwenye gunia limeandikwa Kyela.

Kyela Moja
Mchele wa Kyela ukiupika jirani anajua. Wa Mbarali ukiupika hata aliyeupika inabidi aambiwe. Nitajie mfanyabiashara mmoja unayemjua, mmoja tu.

Nesi Mstaafu
Wanangu, nimewasoma toka mwanzo. Nimefanya kazi wodini Rungwe mpaka nikastaafu. Hakuna hata mmoja wenu aliyemuuliza huyu kijana kama alipimwa presha. Kalipia vipimo vitano, mkanda wa mkononi hakufungwa, nina hakika. Presha haina homa wala kichefuchefu, inakaa kimya mpaka mtu anaanguka shambani mnasema karogwa. Sukari ni tone la damu kidoleni. Wanawake wa miaka 30 mpaka 50, shingo ya kizazi inapakwa siki, unasubiri kidogo, penye shida panageuka peupe na unatibiwa mapema. Haihitaji mashine. Na saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii. Mnabishana juu ya vipimo vinavyotafuta wateja, na vyenye kuwafaa vimekaa kwenye kabati.

Kyela Moja
Shikamoo mama, umenena. Ila huyu wa Mbarali hajanijibu.

Mjumbe wa Mafinga
Mimi nasema tatizo ni kadi. Nikienda na bima napimwa mpaka kucha. Nikienda na pesa mkononi, swali la kwanza ni "umekuja na shilingi ngapi?", na vipimo vinapungua kulingana na jibu langu. Ugonjwa uleule, mwili uleule! Mnakumbuka Machi 2024 hospitali binafsi zilipogoma kupokea kadi za NHIF, ile bima ya afya ya taifa, kwa sababu ya bei mpya? Tulihangaika barabarani na wagonjwa. Tangu siku hiyo nikiona orodha ndefu ya vipimo najiuliza inamtibu nani.

Tabibu wa Kijijini
Mjumbe, unatuonea. Mgonjwa akipanda bodaboda kutoka bondeni, nikimsikiliza, nikamkagua, nikamwambia "hii ni mafua, pumzika, kunywa maji, homa ikizidi rudi", akifika nyumbani anasema yule daktari hajui kitu, hajanipima. Nilimwambia mzee mmoja kwamba mgongo wake wa kubeba viazi hauhitaji eksirei. Alikuwa anatembea vizuri, miguu ina nguvu, hana homa, hajapungua uzito. Kwa umri wake picha lazima ingeonyesha mifupa imechakaa, na wapo wengi wenye picha kama hiyo wasioumwa popote. Akaondoka amenuna. Baadaye akarudi na karatasi za ile mashine ya "mwili mzima", unashika chuma mkononi kompyuta inatoa ripoti. Imeandikwa ini limechoka, zinki imepungua, na ubongo wake una "mzunguko hafifu". Na mfuko wa makopo ya virutubisho aliyouziwa hukohuko, keshauza mbuzi.

Balozi wa Afya Njema
Daktari, usichafue biashara za watu. Hizo mashine zimesaidia wengi mliowashindwa. Mna wivu kwa sababu sisi tunamsikiliza mteja nusu saa nzima.

Tabibu wa Kijijini
Kusikiliza nusu saa nakupa tano, kweli kabisa. Sasa nieleze chuma cha kiganjani kinaionaje zinki ya kwenye damu.

Balozi wa Afya Njema
Ni teknolojia. Hata simu yako hujui inavyopata mtandao.

Ndaga Fijo
Kishikishe chuma hicho mkungu wa ndizi tuone kama hautaambiwa una ini 🤣

Balozi wa Afya Njema
Matusi ya nini? Mkiugua mtatutafuta.

Darubini
Leo nimekubaliana na Ndaga Fijo, andikeni tarehe.

Kijana wa Sae
Jamani mada yangu imekwenda na maji. Taifodi tumeelewa. Na hiyo UTI je? Sisikii maumivu yoyote nikikojoa, siendi chooni mara kwa mara.

Tabibu wa Kijijini
Ulipewa kikopo ukaelekezwa chochote?

Kijana wa Sae
Niliambiwa "choo kile pale".

Tabibu wa Kijijini
Ndiyo hapo. Mkojo wa mwanzo unasafisha njia, unaumwaga chooni, unakinga wa katikati. Ukikinga wa mwanzo, hasa kwa akina mama, unaleta vijidudu na chembe za kwenye ngozi, maabara wataandika walichokiona kwa haki kabisa. Na hata bakteria wakiwepo kweli, mtu asiye na dalili kwa kawaida hatibiwi. Mjamzito ni suala jingine, yeye tunamtibu hata kama hasikii kitu, maana kwake figo na mtoto viko hatarini. Kwenu wengine mnamezeshwa sipro, dawa ya kuua bakteria, bila sababu, na siku taifodi ya kweli ikija sipro inaweza isifue dafu. Dawa zako sitaziamulia humu, nenda kituo kingine na karatasi zako, ukaguliwe na mtu anayekuona.

Mama Tumaini
Maadam umemtaja mjamzito: mdogo wangu yuko Uyole, mimba ya kwanza, hana tatizo lolote. Kila akienda pale anapohudhuria anaambiwa alipie ultrasaundi. Kila akienda! Nayo ni lazima?

Nesi Mstaafu
Mwongozo wa WHO wa 2016 unataka moja kabla ya wiki 24, ili kujua umri wa mimba, kama ni mapacha, na kama mtoto ana kasoro. Zaidi ya hapo iwe na sababu: damu inatoka, mtoto hachezi, tumbo halilingani na miezi. Amuulize anayemwandikia, "ya leo unatafuta nini?" Akijibiwa vizuri alipe. Presha, mkojo na wingi wa damu, hivyo asikubali kurukwa.

Mtu wa Forest
Mama, lakini ultrasaundi ndiyo inamwambia kama ni wa kike au wa kiume. Nani ataacha?

Mama Tumaini
Basi waandike kwenye risiti "kuchagua rangi ya nguo". Yeye anaandikiwa "kipimo muhimu" na anakopa kwenye kikoba.

Kyela Moja
Ndaga Fijo, bado nasubiri jina la huyo mfanyabiashara.