Komedi za kazini: wahusika wakue au wabaki vilevile? Karibuni mjadala

Mleta mada

Asalaam aleikum wana Mombasa na wengineo. Hii mada imenikaa kooni tangu juzi usiku, tulikuwa barazani Mji wa Kale na kahawa tungu yetu, kijana mmoja kafungua laptopu aangalia The Office ile ya Marekani, ikazuka kelele mpaka muuza kahawa mwenyewe akatia neno. Swali lilikuwa hili: kwenye komedi ya kazini, wale watu wafaa wabadilike miaka ikienda, ama wakibadilika tu kicheko kishakufa? Wazee karibu wote walishika upande wa pili. Wasema sie tumelelewa na Vioja Mahakamani, ile komedi ya tivii ya kesi za mahakamani, tangu enzi za Sauti ya Kenya (KBC ya leo), kina Makokha na Ondieki Nyuka Kwota waletwa kizimbani na kesi mpya, ujanja ni ule ule, na hakuna siku mtu alilalamika mbona hawajifunzi. Wakijifunza nani atashtakiwa?

Hoja ina nguvu, siibezi. Lakini mie siikubali na nataka nieleze kwa kituo manake pale barazani sikupewa nafasi.

Kwa asiyeijua, The Office ya Marekani ilianza 2005 ikaisha 2013, misimu 9, vipindi 201, na ilitokana na ile ya Uingereza ya 2001 ya Ricky Gervais na Stephen Merchant. Ni ofisi ya kuuza karatasi mji wa Scranton, kamera zawafuata kutwa kama watu wanaotengenezewa makala. Bosi ni Michael Scott, mtu wa kukera, mdomo hauna breki, ataka kila mtu ampende na hajui aanzie wapi. Pam ni wa mapokezi. Jim wa mauzo ampenda Pam kimyakimya na Pam ana mchumba wake. Sasa ukiuliza watu uhusiano mkubwa wa mle ndani ni upi, kumi kwa kumi watakwambia Jim na Pam. Mie nasema ni Pam na bosi wake.

Msimu wa 3 Pam aweka maonyesho ya michoro yake. Kaalika ofisi nzima. Roy, yule mchumba waliyeachana wakarudiana, apita haraka haraka aenda zake. Oscar wa uhasibu aja na mpenzi wake, hawajui Pam yuko nyuma yao asikia, wazungumza vile michoro yenyewe haina ujasiri. Wengine hata hawakutokea. Pam anaanza kubandua michoro ukutani, na hapo ndipo Michael anaingia, amechelewa, tena yuatoka chuo cha biashara ambako kijana wa ofisini kwake mwenyewe kamuaibisha mbele ya darasa. Aangalia mchoro mmoja mmoja, afika kwa ule wa jengo lao la ofisi, ataka kuununua. Amwambia Pam anajivunia yeye. Pam amkumbatia akiwa na machozi, na wakiwa vile vile wamekumbatiana Pam ahisi kitu mfukoni mwa bosi, auliza ni nini, kumbe ni chokoleti, na bosi amuuliza kama ataka nusu.

Basi niambieni hapo komedi imekufa wapi? Mie nililia na nikacheka kwa pumzi moja. Na ule mchoro ulitundikwa ofisini ukakaa pale ukutani miaka, mpaka kipindi cha mwisho kabisa Pam autoa akatoka nao.

Mnaosema mhusika akikua anaharibika, mwafikiri kukua ni kuokoka, ati mkorofi aamke asubuhi awe malaika. Michael wiki ya pili alikuwa Michael yule yule, bado aropokwa. Kilichoongezeka ni sisi kujua kuna mlango mwingine ndani yake, na Pam naye ajua, na kuanzia hapo kila akimvumilia twajua amvumilia kwa nini.

Haya nayajua si kwa tivii peke yake. Nilifanya kazi miaka sita kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, siitaji, bosi wetu alikuwa mtu wa kurusha faili. Kosa dogo kwenye karatasi za forodha, kontena likalala siku mbili zaidi, basi utatukanwa wewe na kizazi chako mbele ya wateja. Babangu alipofariki tulifanya hitma nyumbani Mtongwe, sikumtarajia kabisa. Nikamuona yuaja na vumbi la njia, kavuka ferry kwa miguu pamoja na watu, viatu mkononi, akaketi mkekani akala pilau sinia moja na yule kijana wa kupeleka barua aliyekuwa amemuita mjinga Ijumaa iliyopita. Hakusema mengi. Akamsogezea kijana nyama upande wake. Jumatatu akarusha faili kama kawaida, lakini mimi na yule kijana tukaangaliana, na hatukumuogopa tena vile. Hiyo ndiyo stori ninayoitafuta kwenye komedi zetu na siipati. Waandishi wetu mbona mwaogopa?

Mchangiaji wa Kisauni

Kakangu pole kwa mzee, Mungu amrehemu. Lakini mada yako nakupinga, tena kwa sababu ambayo hukuigusa kabisa. Wewe unaongea kama mtu mwenye bando na wakati, unaangalia kipindi cha kwanza hadi cha mia mbili kwa mpangilio. Komedi zetu zilitengenezewa mtu ambaye leo ameona, wiki ijayo stima zimepotea, wiki ya tatu yuko kazini usiku, akirudi mwezi wa pili lazima amkute mhusika pale pale alipomwacha la sivyo hataelewa kitu atazima. Huo si uoga, ni kumheshimu mtazamaji.

Mfano ni Papa Shirandula, komedi ya tivii ya Citizen hapa Kenya, kuanzia 2007. Msingi wake ni uongo mmoja tu, jamaa ni askari wa getini na amemficha mkewe Wilbroda, nyumbani yeye ni mtu wa ofisi. Sasa wewe ukitaka akue maana yake aseme ukweli, na akisema ukweli kipindi kimeisha jioni hiyo hiyo. Sie tulimpenda marehemu Charles Bukeko aliyemwigiza, vile vile alivyo, na alipofariki Julai 2020 mtaani kwetu watu walihuzunika kama wamefiwa na jirani, na hakuna aliyeuliza kama alikuwa amekua.

Na hao Jim na Pam wako, walipooana msimu wa 6 utamu ulipungua. Msimu wa 9 ndio sitaki kuusikia, Jim aingia kwenye kampuni ya michezo Philadelphia amficha mkewe, Pam abaki na watoto wawili Scranton, nyumba baridi. Nilifungua nicheke nikakuta ndoa ya shangazi yangu.

Mchangiaji wa Tudor

Dadangu wa Kisauni hilo la ndoa kuua komedi si kweli. Brooklyn Nine-Nine, komedi ya Marekani ya kituo cha polisi, Jake na Amy, polisi wawili, waoana mwisho wa msimu wa 5, mwaka ule ule wa 2018 tivii ya Fox walikuwa washaifuta na NBC wakaichukua siku moja tu baadaye kwa vile mashabiki walivyopiga kelele, na ikaendelea mpaka 2021. Wamefunga ndoa na bado washindana, bado wachekesha. Tatizo huwa ni mwandishi aliyekuwa na stori moja tu ya hao wawili, watapatana hawatapatana, wakipatana ameishiwa. Na mimi naona uhusiano mtamu mle ni Jake na bosi wake Kapteni Holt, mtoto aliyekosa baba na mzee asiyejua kucheka, kuna siku Jake ateleza ulimi amuita baba mbele ya watu. Hapo nakubaliana na mleta mada kwamba mapenzi si lazima.

Mleta mada

Dada wa Kisauni ahsante kwa pole, na hilo la mtazamaji anayekosa vipindi nakupa, sikuliwaza kabisa, na ni kweli mamangu huangalia hivyo hivyo. Ila tazama ule mchoro ukutani. Mtu aliyekosa kipindi cha maonyesho haathiriki kitu, kwake ni picha tu ya jengo. Aliyeona, kila kamera ikipita pale moyo wamruka. Kwa hiyo inawezekana kuwahudumia wote wawili, na gharama yake ni kijimchoro kimoja.

Na Papa Shirandula hakuhitaji kutoboa siri ndio akue. Mfanye siku moja askari mwenzake amuone anafuta viatu vizuri kabla ya kurudi nyumbani, aelewe, na kuanzia siku hiyo amsaidie kuulinda ule uongo bila hata kuulizwa. Siri imebaki, vituko vimebaki, wawili wale si wale wa jana. Kwani hapo mtazamaji wa mwezi wa pili atapotea?

Msimu wa 9 ndipo tutakapogombana mimi na wewe mpaka asubuhi. Umesema umekuta ndoa ya shangazi yako, mie nasema ndio maana ni bora. Jim miaka yote alikuwa kijana wa mizaha, kila mtu ofisini mjinga isipokuwa yeye. Hata nyumba ya wazazi wake msimu wa 5 aliinunua bila kumuuliza Pam, na sote tulipiga makofi tukaona ni mahaba. Msimu wa 9 tabia ile ile yamrudia, afanya uamuzi peke yake, na safari hii haichekeshi, ndoa yatikisika. Akaacha ile kampuni akarudi. Na mwishoni Pam ndiye anayeiuza ile nyumba kwa siri ili wahamie Austin mumewe afuate kazi yake. Mwandishi aliyelikumbuka jambo la msimu wa 5 akalilipa msimu wa 9 huyo amewapenda watu wake.

Halafu Dwight mwamsahau. Muuzaji mwenzake Jim na adui yake tangu siku ya kwanza, stepla yake yatiwa kwenye jeli, na kipindi cha mwisho siku ya harusi yake Jim, aliyekuwa awe msimamizi wake, amletea Michael aliyekuwa kahamia Colorado achukue nafasi hiyo. Vioja Mahakamani naiheshimu na nitaiangalia tena leo ikirudishwa. Lakini wale wazee wa baraza nikawauliza kitu kimoja hawakunijibu, nawauliza na nyie: mkikumbuka kazi mliyofanya zamani, mwakumbuka kichekesho gani ambacho hakina mtu ndani yake mliyekuja kumjua vingine?