Fomu yangu inalalamikiwa, mteja kazuia nusu ya malipo. Nifanyeje?

FundiFomu: Wakuu salaam. Nimemtengenezea mteja fomu ya maombi ya kazi kwenye tovuti yake. Safi, inavutia, hata kwenye simu inakaa vizuri. Sasa mwombaji mmoja kalalamika eti haijaziki, mteja kaja juu. Kwangu inajazika, kwa mshikaji wangu inajazika. Nimjibuje mteja bila kuonekana mbabaishaji? Siku ya pili silali.

NapitaTu: Hela yote ingia nayo mfukoni kabla hujakabidhi. Mimi nilidhulumiwa nembo, mpaka leo naiona ubavuni mwa gari lao ikinipita barabarani.

BiMsimbo: Poleni wote wawili. Mleta uzi, huyo mwombaji kakwama wapi hasa?

FundiFomu: Anasema kila kisanduku anasikia tu "sehemu ya kuhariri, tupu".

BiMsimbo: ANASIKIA?

FundiFomu: Ndiyo, haoni, anatumia kisoma skrini, ile programu inayomsomea kwa sauti kilichopo kwenye skrini. Sikuona haja ya kutaja, ni mtu mmoja. Na sikumpuuza, nilimwandikia kistaarabu atafute wa kumjazia.

MzeeWaBusara: Kijana, hujafa hujaumbika.

BiMsimbo: Hapo ndipo penye ugonjwa wote. Bila shaka neno "Jina kamili" umeliandika kwenye div, boksi la msimbo lisilobeba maana yoyote, juu ya kisanduku. Kwa macho vinaenda pamoja, kwa kisoma skrini havijuani. Weka label, yaani lebo rasmi ya kisanduku, for yake ilingane na id (jina la utambulisho) ya kisanduku, ndivyo vinavyofungamana. Hata mwenye macho anafaidi: akigusa neno, anaingia kisandukuni.

FundiFomu: Nashukuru dada, ila nimeshalipia kiprogramu cha kubandika. Mstari mmoja tu wa msimbo, kinaweka alama pembeni na kurekebisha kila kitu chenyewe. Mteja nimeshamwahidi. Siwezi kurudi kufumua fomu nzima.

Kipanga: Nilijua tu. CHAI HII. Uzi unaanza kwa machozi, katikati linachomoza dude la mstari mmoja, kesho tunawekewa linki. Wewe ni dalali.

NapitaTu: Hata mimi nilishangaa, mtu asiyelala siku mbili hakosei hata herufi moja?

FundiFomu: Dalali?! Haya, msimbo wangu wote huo hapo, someni.

BiMsimbo: Nimeusoma. Kipanga, muombe radhi, hakuna dalali wa kubuni uozo huu. Kitufe cha Tuma ni div iliyopakwa rangi. Kuna outline: none ukurasa mzima, yaani umefuta mstari unaozunguka sehemu iliyochaguliwa, maana yake anayetumia kibodi haoni yuko wapi. Kosa linaonyeshwa kwa mpaka mwekundu tu, bila neno hata moja. Kwa asiyetofautisha rangi hakuna kosa hapo, na kisoma skrini kinapita kimya. Andika "Namba ya simu imepungua tarakimu", uifunge na kisanduku kwa aria-describedby, msimbo unaokiambia kisoma skrini kisome na maelezo hayo. Si mambo ya jana hayo, lebo na kutaja kosa kwa maandishi vimo kwenye WCAG 2.0, mwongozo wa kimataifa wa tovuti kutumika na watu wenye ulemavu, tangu 2008.

Kipanga: Radhi baadaye. Nasubiri linki.

Bundi: Mimi sioni, na uzi huu nimeusikiliza kuanzia juu. Hayo madude ya kubandika nikiyakuta kazi ya kwanza ni kutafuta pa kuyazima, maana nina kisoma skrini changu tayari na hilo linakuja kuongea juu yake. Ila mleta uzi, hilo la kutafuta wa kunijazia. Fomu yako inauliza mshahara ninaotaka na sababu ya kuacha kazi ya mwanzo. Nikamwambie nani? Jirani?

MzeeWaBusara: Umesikia kijana.

FundiFomu: Kaka Bundi, samahani. Hilo la mshahara halikunijia kichwani. Lakini kweli nianze upya? Mteja anataka jibu kesho.

BiMsimbo: Usianze upya. Chomoa mausi, jaza fomu yako kwa Tab na Enter mpaka uitume. Kila utakapokwama ndipo pa kurekebisha. Ukimaliza washa kisoma skrini, NVDA ni ya bure, urudie. Halafu ndiyo umwandikie mteja.

FundiFomu: Nimechomoa. Tab saba, sijui niko wapi. Nilipohesabu nimefika mwisho, Tuma imerukwa, nimejikuta juu kwenye anwani ya tovuti.

Kipanga: Na linki?